Kabla hujakata tiketi ya Toronto

Mpwa wangu, umeuliza kama ni kweli Wakenya wanalala kwenye sakafu za makanisa huku Toronto. Tena umesema mama yako hafurahii kusikia natoa hela kununulia magodoro watu nisiowajua, na nyumba ya bibi bado haijaezekwa. Nitakujibu yote mawili.

Ni kweli. Mwaka 2023 Kanada ililegeza masharti ya viza za matembezi, na watu wetu wakaja kwa wingi, wengi wao wakaomba hifadhi. Mwishoni mwa Mei mwaka huo jiji likasema shelta zake, yaani nyumba za kulaza wasio na makazi, zimejaa, waomba hifadhi waende serikali kuu. Serikali kuu haikuwa na vitanda vya kuwapa. Basi watu wakalala nje, kando ya barabara ya Peter Street, mbele ya ofisi ile ile inayogawa vitanda. Walikuwemo Wakenya, Waganda, Wanigeria, na masanduku yao ndiyo yalikuwa mito. Waliokuja kuwaondoa pale Julai ni makanisa ya watu weusi pamoja na watu wa kawaida waliojitolea. Revivaltime Tabernacle, kaskazini mwa jiji, lilifungua milango, wakapelekwa kwa mabasi. Serikali kuu ilipotangaza dola milioni 97 za Kanada kwa Toronto tarehe 18 Julai, mama zetu walikuwa wameshapika na kupakua.

Na hicho kilikuwa kiangazi. Baridi ya huku inaua. Februari 2024 mama mmoja Mkenya, mwenye watoto wanne, alisubiri saa nyingi kwenye baridi nje ya shelta huko Mississauga, jirani na Toronto. Alifariki hospitalini muda mfupi baadaye. Kila nikikumbuka habari ile, hasira hunipanda upya.

Kufungua kumbi za ibada wakati wa baridi hakukuanza na sisi tunaojitolea sasa. Mwaka 1987 mtawa Susan Moran na padri John Murphy, pamoja na wanafunzi wa shule ya St. Michael's College, walianzisha Out of the Cold, mpango wa kuwalaza wasio na makazi kwa zamu. Kanisa hili likichukua Jumatatu, sinagogi lile lilichukua Jumatano, hivyo hivyo tangu Novemba hadi Aprili. Korona ilipofika 2020 kumbi nyingi zilifungwa, lakini utaratibu ule watu wanaujua bado, na ndio tunaoufuata.

Usiku wenyewe uko hivi. Jioni tunakunja viti na kutandika magodoro membamba, hatua moja kati ya godoro na godoro. Wageni wanaingia, wanaandikisha jina, wanapewa chakula cha moto. Kuna mama mmoja wa Kisii anayepika chapati na maharagwe. Harufu ikifika mlangoni, vijana wetu wanaanza kuongea kwa sauti kama wako kwao. Ninachokuomba ukiwaze zaidi ni miguu. Mtu aliyeshinda kwenye theluji na raba za Nairobi akivua soksi, ngozi ya nyayo imejikunja, imepauka, na vidole havisikii. Ndiyo maana kila tukichanga tunaanza na soksi nene na buti, blanketi baadaye. Asubuhi saa moja ukumbi unatakiwa uwe mtupu, wote wanatoka tena nje, na hapo ndipo roho huniuma.

Si wetu tu. Godoro la pili unamkuta mzee Mzungu aliyejenga maghorofa ya jiji hili ujana wake wote, leo kodi imemshinda. Sisi hatuulizi mtu ametoka wapi kabla ya kumpa sahani, na sitaki tufike huko.

Nyumba ya bibi nitaiezeka, hilo mama yako na aamini. Lakini anayelala pale ukumbini ni mtoto wa mtu kama yeye, na hakuna mwingine wa kumpokea usiku huo. Hela hiyo sitaacha kuitoa.

Sasa wewe. Posho ya serikali ya jimbo letu, Ontario, kwa mtu mmoja asiye na kipato ni dola 733 kwa mwezi, chakula na kodi vyote humo, na chumba peke yake mara nyingi kinapita kiasi hicho. Kibali cha kazi huwezi kukipata siku unayoshuka uwanjani. Wakala akikuambia kazi na nyumba vinakungoja, usimpe hata shilingi. Usiuze shamba. Ukishikilia kuja, njoo Mei au Juni, ujue miezi ya kwanza unaweza kulala sakafuni kanisani pamoja na hao wengine, na nitumie tarehe kabla hujalipa tiketi ili niulize mapema wapi kuna nafasi. Kwangu tuko wanne katika vyumba viwili; wiki mbili za mwanzo utalala sebuleni, zaidi ya hapo mwenye nyumba hataruhusu.