Kiporo kilipashwa vizuri, mbona tumetapika?

SWALI: Shikamoo dokta. Wali wa usiku ulibaki, nikauacha kwenye sufuria juu ya jiko, umefunikwa. Asubuhi niliupasha moto hadi ukafuka mvuke. Haukunuka wala haukuwa na utelezi. Muda wa saa mbili haujapita, mimi na mwanangu wa miaka sita tukaanza kutapika. Mama mkwe anasema sikuupasha vya kutosha. Je, ni kweli? Na nimpe mtoto antibiotiki zilizobaki kabatini?

JIBU: Marahaba mwanangu, poleni sana. Moto wako wa asubuhi hauna kosa. Nadhani tatizo lilianza usiku.

Mchele mara nyingi huja na mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus, anayeishi udongoni. Kuchemsha huua bakteria, lakini mbegu hizo hustahimili. Wali ukipoa polepole ndani ya sufuria iliyofunikwa, mbegu huchipuka, bakteria huzaana, na baadhi yao huacha sumu iitwayo sereulaidi. Sumu hiyo huwezi kuinusa, na imeonekana kuhimili joto la nyuzi 121 za Selsiasi kwa dakika 90. Ungeupasha wali hadi ukaungua, sumu ingebaki pale pale.

Ndiyo maana mgonjwa akija, kwanza namuuliza alikula saa ngapi. Sumu iliyokwisha kutengenezwa ndani ya chakula hutapisha kati ya nusu saa na saa sita. Bakteria mwingine, Salmonella, ambaye lazima kwanza ashambulie utumbo, huchukua saa sita hadi siku sita. Kwa muda uliouandika, nashuku sumu.

Antibiotiki usimpe, tafadhali. Dawa hiyo hupambana na bakteria, haiondoi sumu. Mpe maji ya ORS (dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini), kijiko kimoja kimoja, hata kama anatapika. Akikosa mkojo, macho yakididimia, akiharisha damu, akipata homa kali au akiwa na usingizi usio wa kawaida, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.

Siku nyingine, wali ukibaki utandaze kwenye sinia pana upoe haraka, kisha uingie kwenye friji kabla ya saa mbili kupita. Kama huna friji, pika wa mlo mmoja, na uliobaki hadi asubuhi umwage, hata kama roho inauma.