Mjamzito hulali, miguu inahangaika usiku kucha? Kapime damu kwanza, achana na vidonge vya usingizi

Pole sana mdogo wangu wa Masasi. Umesema mimba ina miezi saba, usiku hulali, miguu haitulii, na muuza duka la dawa kakushauri umeze Valium nusu kidonge. Tafadhali usimeze. Hiyo dawa inamfikia mtoto tumboni, na ukiitumia karibu na kujifungua anaweza kuzaliwa amelegea, kunyonya shida na kupumua shida. Dawa ya usingizi kwa mjamzito anaandika daktari, tena akiona kuna sababu.

Mi niko Mtwara mjini, hali hiyo nimepitia mimba ya pili, na ikaangukia mwezi wa kumi na moja, joto la huku kusini kabla mvua hazijaanza mnalijua wenyewe, umeme umekata, feni imezima, ndani ya chandarua hata hewa huipati. Nikijilaza tu, kuanzia magotini kushuka chini ni kama siafu wanatembea ndani ya mfupa, sio maumivu hasa, ni kitu kinakulazimisha uusogeze mguu, nikiamka nikatembea peku kwenye sakafu inatulia, nikirudi kitandani inaanza upya. Mama mkwe ananikanda na mafuta ya nazi, napata nafuu kidogo. Na kila ninayemwambia jibu ni moja, ndo mimba zilivyo, vumilia. Hata nesi wa zahanati niliyoanzia alinijibu hivyohivyo, kadi yenyewe hajaifungua, na hili linaniuma mpaka leo kwa sababu wangapi wanaambiwa vumilia na damu inazidi kushuka.

Nikahamia kituo kingine. Mkunga wa pale, mama mtu mzima, akanishusha kope la chini akaangalia, akaangalia viganja, akaniuliza kuhusu udongo na chai ya rangi, akanituma maabara. Kiwango cha damu (hemoglobini) kikasoma 8.7, wakati mjamzito wa miezi kama yako anatakiwa awe na 11 kwenda juu. Akanieleza kwamba miguu kuhangaika usiku kwa mjamzito mara nyingi inaendana na upungufu wa madini chuma, akaniongezea dozi ya vidonge vya kuongeza damu, vile vyekundu vya kliniki ambavyo wengi tunaviacha kabatini kwa sababu ya kichefuchefu. Meza na maji au juisi ya chungwa, chai kaa nayo mbali, isubiri saa moja au mbili, maana chai inazuia chuma kuingia mwilini, na udongo vilevile. Choo kitakuwa cheusi, usiogope. Dagaa, kunde, kisamvu, maini kiasi, kula. Haikukata siku hiyohiyo jamani, ila wiki zilivyosogea nikaanza kulala.

Chandarua usikitoe hata joto likizidi, malaria nayo inakausha damu, na zile dozi za SP, vidonge vya kukinga malaria kwa mjamzito, ukipewa kliniki meza. Lala ubavu, wa kushoto ukiweza, mto katikati ya magoti, kwa miezi yako hiyo usianze usingizi chali, ukishtuka uko chali geuka tu uendelee kulala. Kiungulia kikikusumbua kula mapema na uinue kichwa. Kukojoa usiku ni kawaida ila mkojo ukiunguza sema wapime, inaweza kuwa UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, na inatibika.

Halafu kuna kukosa usingizi ambako hutakiwi kusubiri tarehe ya kliniki. Kichwa kinagonga hakiachi, macho yanaona maruweruwe, uso na mikono imevimba, maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu, hiyo inaweza kuwa presha ya mimba, na mwisho wake inaweza kuleta kifafa cha mimba. Damu au maji kutoka, mtoto kapunguza kucheza, nenda saa hiyohiyo hata kama ni usiku wa manane. Na kama unachokosea usingizi ni mawazo, unalia kila siku, hutamani chochote, nalo mwambie nesi, linahesabika kama ugonjwa mwingine wowote.

Kesho asubuhi chukua kadi yako uende, mwambie shemeji akusindikize, na usitoke pale bila kuuliza damu yangu ni ngapi na presha yangu ni ngapi, waandike kwenye kadi uone mwenyewe.