Re: Nasahihisha kila kosa, lakini wanarudia yaleyale

Mwalimu mwenzangu, tatizo liko hapo kwenye "kila kosa". Ukurasa wa insha ukijaa wino mwekundu, mwanafunzi anaangalia alama, anafunga daftari. Chagua kosa moja kwa wiki. Tuseme ni zile "halafu" zisizoisha: pigia mstari bila kurekebisha, kisha mpe dakika 10 aandike upya aya hiyo tu, si insha nzima. "Tulifika halafu mvua ikanyesha halafu tukajificha" iwe "Tulipofika mvua ilianza kunyesha, tukajificha."

Kabla ya kukusanya, kila mmoja amsomee jirani yake kwa sauti. Anapoishiwa pumzi, mara nyingi hapo ndipo nukta inapokosekana. Na alama, tafadhali, toa baada ya rasimu ya pili. Ukizitoa mapema hawatarekebisha kitu.