Wavuvi wa dagaa na mbalamwezi, siyo ushirikina

Mkuu ulouliza kwa nini wavuvi wa Kigoma wakiona mwezi mpevu wanaanika nyavu wanakaa nyumbani, na kama ni imani za wazee tu, mi nimevua dagaa Ziwa Tanganyika kabla sijaingia kwenye biashara ya kuwauza, kwa hiyo hili nalijua. Ni mambo ya mwanga tu, hakuna mganga hapo.

Lile ziwa lina kina cha mita 1,470 lakini huku kaskazini ukishuka kama mita 100 hivi oksijeni inaisha, kwa hiyo karibu viumbe wote wanabanana hapo juu. Kuna vidudu vidogo mno, planktoni, ndo chakula cha dagaa. Mchana vinazama kwenye giza kwa sababu samaki anawinda kwa macho, jua likizama vinapanda, dagaa nao wanapanda kuvifuata, na mgebuka, samaki anayekula dagaa, anakuja nyuma yao, kila siku ya Mungu ni hivyo.

Sasa usiku wa giza ukiwasha taa, hapo ndo penye mwanga peke yake, dagaa wanajikusanya wanazunguka zunguka chini ya mtumbwi, we unatulia tu mpaka wajae, mwenye papara anavuta wavu mtupu. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima linang'aa, taa yako haina maana tena, dagaa wametawanyika na mafuta unaunguza bure. Ila wajanja hawapumzishi siku zote, mwezi ukishaanza kupungua unachelewa kutoka kama dakika 50 kila usiku, so giza la jioni linaongezeka, mnapiga haraka haraka mnarudi.

Kuhusu taa ipi ni bora kati ya karabai, ile ya mafuta ya taa, na za sola, mi nasema chukua ya sola yenye LED nyeupe. Kwenye maji mwanga mwekundu unafia juu juu, wa bluu unazama mbali hasa maji yakiwa meupe kama ya Tanganyika, na karabai mwanga wake mwingi ni wa njano na nyekundu. Halafu kioo cha karabai kikiwa cha moto kikarukiwa na wimbi, pa! kimekwenda. Cha kuangalia dukani ni waya na maungio, kama hayajazibwa maji yasiingie usinunue hata kama bei ni ya kutupa.