Kuishi pamoja bila ndoa: haki yako Tanzania

Dada, umeuliza kama ukiachwa baada ya miaka 3 ya kuishi na mwanaume bila ndoa utatoka mikono mitupu. Hapana. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinasema mkiishi pamoja miaka 2 au zaidi, na watu wakawajua kama mume na mke, mahakama itachukulia mmeoana mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Hapo kwenye "watu wakawajua" ndipo wengi wanapokwama, maana miaka peke yake haitoshi. Tafuta majirani au ndugu wa pande zote watakaosimama kutoa ushahidi, barua ya serikali ya mtaa, mkataba wa pango wenye majina yenu wote wawili. Kama mmejenga, risiti za saruji na mabati zitunze mwenyewe, tena leo, zionyeshe mchango wako kwenye mali! Kazi za nyumbani nazo huhesabiwa kama mchango kwenye mali mliyochuma pamoja, usikubali kuambiwa hukuchangia.

Ila kama mwanaume huyo ana ndoa halali ya mke mmoja na mwingine, dhana hiyo ya kwamba mmeoana huvunjika. Hata hivyo, kifungu hichohicho kinakuruhusu kuomba matunzo yako na ya watoto.