Mzuka wa baiskeli ukikata: jibu langu kwa mwendesha baiskeli mwenzangu wa Moshi

Mkuu, nimekusoma. Baiskeli ya mbio ya mtumba, ulikuwa unapanda nayo Marangu kila wikiendi, na tangu masika imening'inia stoo. Alamu ya saa kumi na moja inalia, unaizima, unageukia ukutani. Goti nalo "linasumbua kidogo". Unauliza mzuka, ile hamu ya kuendesha, unarudishwaje.

Wengi waliokujibu hapo juu wamekwambia ni uvivu, kaza nidhamu. Mimi nimeendesha Moshi hii hii miaka mingi, mzuka umeshanikata vibaya na ukarudi, na sikubaliani nao. Nidhamu mwambie mtu ambaye hajaanza. Mtu aliyekuwa anaupanda mlima wa Marangu bila kulipwa na mtu hana shida ya nidhamu. Kuna kitu anakikwepa, na kazi ni kukijua ni kipi.

Kwangu vilikuwa viwili, na vilikuwa vimefungamana. Cha kwanza kilikuwa simu. Nilikuwa narekodi kila safari. Unajua mlima wa Machame ulivyo: mjini hapa uko mita mia nane na kitu juu ya usawa wa bahari, kule kwenye geti la hifadhi ya Kilimanjaro ni karibu 1,800, kwa hiyo unapandisha kilomita nzima kwenda juu. Nilikuwa najua kila kipande cha ule mlima kwa dakika zake. Mwanzoni inanoga, kila ukienda unajipiku. Halafu mwili unafika ukomo wake, dakika zinagoma kupungua, na kuanzia hapo kila safari ni mtihani unaofeli. Nikawa sitoki siku ya upepo, nisije nikaharibu muda. Sitoki kama sikulala vizuri. Sitoki na rafiki, atanichelewesha. Ukizitoa siku zote hizo, wiki inabaki na nini?

Cha pili kilikuwa barabara. Ile ya Himo unaijua, malori ya kwenda Holili na Noah zinazofukuzia abiria. Asubuhi moja kioo cha Noah kilinipitia kiwiko. Sikuanguka, kiwiko kilivimba kikapoa. Lakini baada ya hapo sababu zikawa haziishi: leo wingu, kesho tairi, keshokutwa nina kazi. Ilikuwa woga, basi. Sisi wanaume kulitamka hilo ni shughuli, tunaona heri tuitwe wavivu.

Na usidhani haya ni ya sisi wa ridhaa tu. Tom Dumoulin, Mholanzi aliyechukua Giro d'Italia, mbio kubwa za baiskeli za Italia, mwaka 2017, Januari 2021 aliondoka kambini na timu yake ikatangaza kwamba anapumzika, bila kusema atarudi lini. Mtu ana mshahara, ana makanika, ana mpishi, na bado mzuka umekata. Juni akarudi mashindanoni, na Julai akabeba medali ya fedha ya mbio za kupambana na saa kwenye Olimpiki ya Tokyo. Watu huishia hapo wanapoisimulia. Mwaka uliofuata alitangaza kustaafu, na msimu hata haukuisha akaacha moja kwa moja. Kwa hiyo mapumziko yalimrudisha kweli, ila hayakumfunga. Mimi naona alifanya vizuri mara zote mbili.

Sasa kilichonirudisha mimi. Sikukipanga. Mpwa wangu alikuja likizo, akaikuta baiskeli ya Phoenix ya babu yake nyuma ya nyumba, akaanza kujifunza mwenyewe. Fremu ni kubwa kuliko yeye, kwa hiyo mguu wa kulia anaupenyeza katikati ya fremu, kiuno kimepinda upande, mkono mmoja usukani, kwapa jingine limekumbatia siti. Pedali haimalizi mzunguko, anaisukuma nusu anairudisha, nusu anairudisha, na inakwenda! Mama yake akasema barabara kuu hapana, labda mjomba aende naye. Ndipo tukawa tunashuka upande wa TPC, kwenye njia za vumbi za mashamba ya miwa. Kule ni tambarare, na ukikutana na gari unalisikia mbali, kuna muda wa kukaa pembeni. Mwendo wake ni wa kunywa uji. Anasimama kuangalia mfereji, anaongea njia nzima, anauliza kwa nini gia zangu ni nyingi hivyo. Simu nikawa naiacha nyumbani, maana kurekodi mwendo ule ni kujidhalilisha.

Likizo ikaisha, mtoto akaondoka, mimi nikajikuta bado nashuka TPC. Woga haukuwa na pa kushika kule, na saa haikuwepo. Machame nilirudi baadaye sana, tena nikiwa na kiu ya chai ya pale juu kuliko hamu ya muda. Siku hizi narekodi mara moja moja. Barabara ya Himo siipiti tena asubuhi ya siku za kazi, na sioni aibu.

Wewe hapo sijui chako ni kipi. Lakini kabla hujajilaumu, angalia mwili kwanza. Mtu aliyechoka kupita kiasi haoni uchovu, anaona hana hamu tu. Pima mapigo ya moyo asubuhi kabla hujashuka kitandani. Kama yako juu kuliko ulivyozoea kwa siku kadhaa mfululizo, na usingizi ni wa mang'amung'amu, pumzika bila kujilaumu. Kama unahema kwenye ngazi za ofisini, nenda hospitali wakucheki damu na malaria. Nimeona mtu anajiita mvivu kumbe damu imeshuka.

Ukianza tena, futa alamu ya saa kumi na moja, hiyo imeshakuwa adhabu. Toka jioni. Jipe ruhusa ya kugeuza: ukifika Kiboriloni ukaona leo hapana, rudi, hakuna anayekudai. Kigali mwaka 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani ya kwanza kufanyika Afrika, mbio za wanaume zilikuwa kilomita 267 na zaidi, na katika kundi lote lile waliomaliza ni 30 tu. Waliobaki walishuka kwenye baiskeli. Hao ndio wenye miguu bora duniani!

Baiskeli yenyewe, kwa kuwa imekaa masika nzima, usiipande hivi hivi. Cheni itakuwa na kutu: mafuta ya taa, mswaki wa zamani, ifute ikauke kabisa ndiyo uweke oili, tone kwa kila pingili, halafu futa ya nje maana ndiyo inayokamata vumbi. Tairi zikikaa bila upepo huwa zinapasuka ubavuni, jaza kisha zikague pande zote. Breki zishike ukiwa umesimama kabla hujazitegemea kwenye mteremko wa Marangu.

Na hilo goti usilipuuze, inawezekana ndilo lililokuwa linazima alamu. Kama linauma mbele, mara nyingi siti iko chini sana. Kaa juu ya baiskeli ukiegemea ukuta, kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa: mguu unatakiwa unyooke. Ukiwa umekunjika, pandisha siti kidogo kidogo, siyo mara moja. Kama linauma nyuma ya goti, kuna uwezekano iko juu mno. Njoo uniambie ni mbele au nyuma, maana hukusema.