Wasomaji Wanauliza: Chombo Kimeanguka, Heli Haivuji. Je, Kimefaulu?

SWALI: Mhariri, salamu kutoka Jinja. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, na mwanangu anasoma fizikia Makerere. Anasema vyombo vya kuhifadhia unga wa nyuklia hudondoshwa makusudi ndani ya chumba kilichozibwa ili kunasa vumbi linalotoka. Mimi nasema kidondoshe, kisha kipime kwa gesi ya heli, kisipovuja, yameisha. Nani yuko sahihi? Na karakana ya kawaida inaweza kujaribu bila kugusa mionzi?
Msomaji, Jinja

JIBU: Mwanao yuko sahihi, mzee wetu. Chombo kinapogonga, mfuniko unaweza kupinda kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, oringi (pete ya mpira inayoziba mfuniko) ikaachia ukingo, kisha ikarudi mahali pake. Wakati huohuo ubavu uliobonyea unabana hewa ya ndani, na unga umeshatimka kama unga wa muhogo gunia linapotuliwa kwa kishindo. Pumzi moja ya vumbi inatoka. Ukileta heli baada ya dakika kumi, oringi imekaa sawa, na kipimo kinapita. Heli hupima hali ya sasa tu.

Karakana inaweza, tena bila mionzi. Badala ya oksidi ya plutoniamu, yaani unga wa nyuklia wenyewe, tumia oksidi ya seriamu, unga usio na mionzi. Ya kwanza ina gramu 11.5 kwa kila sentimita ya ujazo, ya pili 7.2, kwa hiyo fidia uzito kwa gololi za chuma, lakini zifungie kwenye kopo lake zisije zikasaga unga. Chini weka bamba la chuma la unene wa sentimita 4 au zaidi, lililoshikamana vizuri na zege, vyote pamoja vikiwa na uzito wa angalau mara 10 ya chombo. Sakafu ya udongo hula kishindo, na chombo dhaifu kinapata sifa kisizostahili. Dondosha kutoka urefu usiopungua wa rafu ya juu kabisa, na usikose kukiangusha kwa pembe ya mfuniko, kitovu cha uzito kikiwa juu ya pembe hiyo. Kikianguka wima kwa kitako, mfuniko hauguswi.

Hema la plastiki lizunguke vyote, na pampu ya hewa yenye filta iwashwe kabla ya kudondosha. Kinachotafutwa ni chembe zinazoweza kuvutwa hadi mapafuni, zinazoelea hewani kama tone la maji la mikromita 10 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita) au dogo zaidi. Chembe ya oksidi ya plutoniamu ya mikromita 3 tu huanguka kwa kasi hiyohiyo, kwa sababu ni nzito. Kasi yenyewe ni milimita 3 kwa sekunde, yaani mita 2 kwa dakika 11; zenye kasi ya tone la mikromita 1 huchukua zaidi ya saa 15. Ukizima pampu mapema, umezikosa zilizo hatari zaidi.

Wengi huharibikiwa kwenye mizani, wanapopima uzito wa filta kabla na baada. Filta hunyonya unyevu, basi ikae saa 24 katika chumba kilekile kabla ya kila kupima. Afadhali zaidi, peleka filta maabara wapime seriamu yenyewe. Hata hivyo vumbi jekundu la murram nalo lina seriamu kidogo, kwa hiyo dondosha kwanza chombo kitupu, uendeshe pampu muda uleule, kisha utoe kiasi hicho. Futa pia kuta za hema kwa kitambaa chenye unyevu na kipimwe, maana vumbi lililoganda kwenye plastiki nalo lilitoka chomboni.